Mwalimu Asiye na Mikono

Kuna video ya mwaka 1993 ambayo karibu kila anayejifunza Ashtanga nyumbani huishia kuiona. Mzee wa Kihindi, K. Pattabhi Jois, anahesabu kwa Kisanskriti. Wanafunzi 6 waliobobea wanainama na kuinuka, wanajikunja na kujikunjua, kila namba na pumzi yake. Maelezo ni machache mno. Kazi kubwa inafanywa na hesabu. Mzee anahesabu, miili inafuata, mpaka mwisho wote wanalala chali wametulia.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko filamu yoyote ninayoipenda. Nimeitazama kama mwanafunzi, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, katika chumba changu cha kupanga Sinza. Nimeitazama pia kama mhakiki, kwa sababu mtu aliyezoea kuuliza kitabu kimeandikwaje hawezi kuacha kuuliza video imetengenezwaje. Mabishano kuhusu kujifunza yoga kwa video huwa na pande mbili. Wa upande mmoja husema yoga ni siri ya mwalimu na mwanafunzi, na kwamba kioo cha simu hakiwezi kuipitisha. Wa upande wa pili husema elimu imekuwa ya wote, kinachohitajika ni bando tu. Pande zote mbili zinaruka jambo moja la wazi: video haikuoni. Naamini uzuri wake na hatari yake vyote vinatoka hapo, na video yoyote ya yoga ipimwe kwa namna inavyoukabili upofu wake.

Kwa msomaji asiyeijua, Ashtanga Vinyasa ni mfuatano wa mikao ambao mpangilio wake haubadilishwi. Huanza na salamu kwa jua, ikafuata mikao ya kusimama, kisha ya kukaa, kisha ya kufungia, na kati ya mkao na mkao mwili hauachi kwenda na pumzi. Salamu ya kwanza ina hatua 9. Ekam, unavuta pumzi mikono ikipanda. Dve, unatoa pumzi ukiinama. Trini, unavuta pumzi ukiinua kichwa. Chatvari, unarukia nyuma na kushuka hadi karibu na sakafu. Pancha, kifua kinafunguka mbele. Shat, nyonga zinapanda juu, na hapo unakaa kwa pumzi 5. Sapta unarudi mbele, ashtau unainama, nava unasimama. Sikio la Mswahili hupata raha ya bure hapa, maana shat ni sita na sapta ni saba, ingawa sita na saba zetu tulizipata kwa Waarabu. Kabla sijaujua mkao wowote vizuri, nilikuwa tayari naijua hesabu.

Neno linaloizunguka yoga hii ni jadi. Inafaa tulitazame kabla hatujailaumu simu kwa kuivunja. Jois alizaliwa mwaka 1915, akaanza kujifunza kwa Tirumalai Krishnamacharya mwaka 1927 akiwa na miaka 12. Krishnamacharya baadaye alifundisha vijana katika jumba la Maharaja wa Mysore, kusini mwa India. Simulizi ya ndani inasema mfuatano huu ulitoka katika maandiko ya kale yaitwayo Yoga Korunta, ambayo yaliliwa na mchwa. Wanazuoni hawakuridhika na mchwa. Norman Sjoman, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu yoga ya jumba la Mysore, na Mark Singleton, katika Yoga Body cha 2010, walijenga hoja kwamba mengi tunayoyaita ya kale yaliundwa upya katika karne ya 20, yakichanganyika na sarakasi za viungo na mazoezi ya mwili ya wakati ule.

Kamera haikuchelewa kufika. Mwaka 1934 Krishnamacharya alichapisha Yoga Makaranda, kitabu chenye picha za mikao. Mwaka 1938 alipigwa filamu bubu pamoja na mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar, kijana wa miaka ya 20 hivi anayeruka kutoka mkao hadi mkao kama mtu asiye na mifupa. Filamu hiyo unaweza kuiona leo kwenye simu. Kwa hiyo yoga hii ilizoeana na kamera tangu mwanzo, na anayesema video imeivamia hajaangalia tarehe.

Sisi wa pwani tunaijua hali hii. Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri zile ziliingia katika nyumba ambazo yeye mwenyewe asingeweza kufika, na sauti yake ikasikiwa na watu wasiowahi kukaa naye baraza moja. Sijasikia mtu akisema taarabu ilipoteza ujadi wake kwa kupita Bombay. Mashine ilibadili tu nani anaweza kuisikia. Ila santuri ilimhitaji msikilizaji atoe sikio peke yake. Video ya yoga inamhitaji mtazamaji atoe shingo, mgongo na magoti, na goti ukilitumia vibaya halirudishwi mwanzo kama wimbo.

Tuanze na jicho. Katika Ashtanga kila mkao una mahali pa kutuliza macho: ncha ya pua, kitovu, vidole vya miguu, mkono. Hii ni sehemu ya mazoezi sawasawa na pumzi. Kiswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Ashtanga humwambia mwenye macho aache kutazama huku na huko. Sasa weka simu mbele ya mkeka. Nyonga zimepanda, kichwa kinaning'inia, macho yanatakiwa kwenye kitovu. Wewe unainua shingo kuangalia kama Richard Freeman ameshasogea. Kila unapoifuata video kwa macho unavunja agizo ambalo video hiyohiyo inakufundisha. Upungufu huu hautokani na mtengenezaji mmoja. Ni wa video zote, na tiba yake ni kufika mahali unapohitaji sauti tu. Ndiyo maana naiona ile ya 1993 kuwa bora kuliko inavyoonekana. Ukiigeuza simu kifudifudi, karibu hupotezi kitu. Hesabu inabaki, pumzi inabaki, na macho yako yanarudi yanapotakiwa.

Jambo la pili ni kidole gumba. Mysore mwanafunzi hafundishwi mfuatano wote siku ya kwanza. Katika chumba cha Jois kilichokuwa mtaa wa Lakshmipuram, kilichotosha watu 12 hivi, kila mmoja alifanya kwa mwendo wake, na mwalimu alimpa mkao mpya alipoona wa jana umekaa. Ukifika Marichyasana D, mguu mmoja umekunjwa juu ya paja, goti la pili limesimama, kiwiliwili kimezungushwa na mikono imefungana mgongoni, na mwili ukakataa, unasimama hapo. Kesho unarudi hapohapo. Watu hukaa kwenye mkao huo miezi. Video haina namna ya kukuzuia. Jois wa kwenye kioo anaendelea kuhesabu hata kama wewe umebaki kwenye mkao wa juzi, na kidole chako kinaweza kuruka mbele, kurudi nyuma, au kuupita wimbo wa ufunguzi kwa sababu dini yako hairuhusu au kwa sababu una haraka ya kuwahi daladala. Wanaofuata utaratibu wa Mysore hupumzika Jumamosi na siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Video haina Jumamosi.

Tuliopita chuoni utotoni tunaijua tofauti hii. Msahafu unaweza kuupata dukani, na kisomo cha makari wakubwa kilikuwapo kwenye kanda kabla hakijahamia kwenye simu. Lakini hakuna anayesema amesoma mpaka mwalimu amemsikiliza. Ukikosea anakukatiza, anakurudisha, na huhamii sura nyingine mpaka ulimi umekaa sawa. Kanda inakusomea vizuri ajabu, ila haikusikii. Video ya yoga ni kanda ya namna hiyo. Inaonyesha usahihi, lakini haiwezi kusikiliza kosa.

Na kosa lina mahali linapopenda kukaa. Goti limeundwa zaidi kukunja na kukunjua. Mzunguko mkubwa unatakiwa utoke kwenye nyonga. Mtu mwenye nyonga ngumu, anayeketi kwenye kiti cha ofisi kutwa nzima, akilazimisha mguu upande juu ya paja kama anavyoona kwenye kioo, mzunguko ambao nyonga imeukataa unahamia kwenye goti na kuikamua gegedu iliyomo ndani. Wanafunzi 6 wa mwaka 1993 wana nyonga zilizofanyiwa kazi miaka mingi. Kamera inaonyesha matunda ya miaka hiyo, haionyeshi miaka yenyewe, na mtazamaji mgeni anayachukua matunda kana kwamba ndiyo maelekezo.

Sasa twende kwenye kipimo nilichokitaja. Kila video haikuoni, lakini hazikabili upofu huo kwa namna moja.

Ile ya Jois inaukubali. Haizungumzi nawe hata kidogo. Umesimama mlangoni unasikiliza darasa la watu wengine, na unachokichukua ni juu yako. Kuna ukali katika hilo, lakini hakuna ulaghai.

Richard Freeman, mmoja wa wale 6, alitoa video yake mwenyewe ya mfuatano wa kwanza miaka hiyohiyo ya 1990. Anafanya mikao huku sauti yake, iliyorekodiwa kando, ikieleza taratibu. Uzuri wake ni kwamba sauti ile haielezi sana umbo la nje. Inaeleza kinachotendeka ndani: pumzi inaanzia wapi, uti wa mgongo unarefuka vipi, sakafu ya nyonga inafanya nini. Ni kama mtu anayemwongoza asiyeona kwa kumwambia anachotakiwa kukigusa. Kwa kuwa video haiwezi kukuona, Freeman anakufundisha kujihisi, na hapo jicho la mwalimu linaanza kuhamia ndani ya mwanafunzi. Kasoro yake ni ile ya wasemaji wazuri wote. Unaweza kuisikiliza umeketi, ukaridhika, usifanye chochote.

David Swenson alichukua njia ya tatu. Mwongozo wake uliotoka mwaka 1999 ni kitabu cha picha, lakini nimeukuta umenifaa kuliko video nyingi. Kwa kila mkao mgumu anaweka njia nyingine, kwa ajili ya mtu ambaye mkono haufiki au mguu haukunjiki, na ameweka mifuatano mifupi kwa asiye na muda wa kumaliza wote. Swenson hakuoni, ila amewafikiria watu wa aina nyingi unaoweza kuwa mmoja wao. Wapo wanaonung'unika kwamba anailegeza jadi. Mimi naona ndiye pekee kati ya hao watatu aliyekiri kwenye ukurasa kwamba msomaji wake ana mwili.

Halafu kuna kundi la nne, lililo kubwa kuliko yote leo: video za mwalimu kijana mwenye tabasamu, chumba cheupe, mmea kwenye kona, anayetazama kamera na kusema, "Safi sana! Hapo hapo! Unapendeza!" Anamwambia nani? Labda niko hapo hapo, labda nimelala kitandani nakula karanga. Sifa inatolewa kabla ya kazi, na inatolewa kwa wote, anayelipinda goti na asiyelipinda. Hili nalilaumu zaidi kuliko ukimya wa Jois. Ukimya unakuacha na wasiwasi wako, na wasiwasi unaweza kukuokoa, lakini sifa ya bure inakunyang'anya hata huo. Mhakiki wa fasihi angeuita msimulizi wa namna hiyo msimulizi asiyeaminika. Katika yoga tunamwita rafiki, tunamfuata.

Mpaka hapa ningeweza kumalizia kama wengi wanavyomalizia: video ni msaada, lakini hakuna kinachofikia mkono wa mwalimu. Katika Ashtanga mkono huo una sifa kubwa. Mwalimu anakukandamiza mgongo ufike chini, anakuzungusha bega mikono ishikane, anakulalia kwa uzito wake. Ndiyo inayoitwa marekebisho, na vizazi vya wanafunzi wamesimulia mkono wa Jois kwa unyenyekevu mkubwa.

Lakini mmoja wa wale wanafunzi 6 kwenye video ya 1993 ni mwanamke aliyeitwa wakati ule Karen Haberman. Mwaka 2017, akiwa anatumia jina la Karen Rain, alieleza hadharani kwamba Jois alimdhulumu kingono kwa kisingizio cha marekebisho katika miaka ya 1990 alipokuwa mwanafunzi wake Mysore. Wanawake wengine walitoa ushuhuda unaofanana na wake, na mwaka 2018 mwandishi Matthew Remski aliuchapisha katika jarida la The Walrus la Kanada. Jois alikuwa amefariki tangu 2009 na hakuwahi kujibu tuhuma hizo mahakamani. Mwaka 2019 mjukuu na mrithi wake, Sharath Jois, aliandika kwamba alishuhudia babu yake akifanya marekebisho yasiyofaa, akaomba radhi kwa maumivu waliyoyapata wanafunzi.

Ukishalijua hili, video inabadilika mbele ya macho yako bila kubadilika hata picha moja. Mwanzoni nilimtazama mzee anayehesabu. Sasa namtazama mwanamke anayehesabiwa. Anafanya kila kitu kwa ustadi. Kioo hakisemi kilichokuja kumpata baadaye, na hakingeweza kusema. Nami kama mhakiki siwezi tena kuisifu hesabu ile kana kwamba imetoka kinywani mwa mtu asiye na mikono.

Hapa ndipo upofu wa video unapogeuka. Mimi ni mwanamke. Madarasa mengi ya yoga ninayoyajua Dar es Salaam yako upande wa Masaki na Oysterbay, na ada ya mwezi ya lile nililoliulizia ilinikaribia kodi ya chumba. Lakini fedha ni nusu tu ya sababu. Chumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa, hakuna anayenitazama nikiinama. Hakuna anayeamua kwa niaba yangu kwamba nyonga yangu inahitaji mkono wake. Wanaosema video haina mikono huisema kama hasara tupu. Kwa Karen Rain na wenzake mikono ndiyo iliyokuwa hasara. Tukiandika hesabu ya faida na upungufu, tuandike hilo katika safu yake, tusilifiche chini ya neno jadi.

Hilo haliufanyi upofu kuwa uoni. Goti langu bado halina shahidi. Ninachokidai ni kwamba tuyatenganishe mambo mawili ambayo masimulizi ya Ashtanga yameyafunga pamoja: jicho la mwalimu na mkono wa mwalimu. Tunachokikosa nyumbani ni jicho. Mtu akituona, anaweza kusema "shusha mguu," "usiende mbali zaidi leo," "baki hapa," bila kutugusa, kama mwalimu wa chuoni anavyomrekebisha msomaji kwa sikio na ulimi tu. Baadhi ya madarasa duniani sasa huweka kadi ndogo ambayo mwanafunzi huitumia kuonyesha kama anakubali kuguswa au la. Ni hatua ndogo, lakini inarudisha uamuzi kwa mwenye mwili. Mtu wa nyumbani amekuwa na uamuzi huo siku zote bila kadi, na inampasa ajue una thamani gani kabla hajaambiwa kwamba anachokifanya si yoga kamili.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu wa kihakiki ni huu. Aanze na Swenson, apate njia inayofaa mwili wake. Amsikilize Freeman ili ajifunze kujihisi. Wanaomsifu bila kumwona awapite. Mkao wowote unaolikunja goti kando asimame kabla ya maumivu, na abaki hapo hata miezi, akijiwekea mwenyewe zuio ambalo video haiwezi kumwekea. Akipata mtu mwenye ujuzi wa kumtazama hata mara chache kwa mwaka, amwombe jicho, na kuhusu mkono aamue yeye. Hesabu akishaishika, simu aizime.

Na video ya 1993? Sisemi ifutwe, na sisemi itazamwe kama zamani. Hesabu iliyomo ni ya kweli na imenifaa. Pumzi ninayoivuta asubuhi niliipata humo. Anayeitazama ahesabu pamoja na mzee, kisha awatazame wale 6 mmoja mmoja, na amjue Karen Rain ni yupi kati yao.